Jiko la Mwaka Mzima

Tulipomaliza matanga ya Mama, wanawake wa ukoo walikaa uani kugawana vyombo, na mimi nilikuwa nimechoka hivi kwamba nilisema ndiyo kwa kila kitu. Sufuria kubwa ikaenda kwa shangazi. Vitenge wakachukua wakwe. Kinu kikabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyetaka kuhangaika nacho kwenye basi. Mwisho, uvunguni, pale mkono usipofika, binamu yangu akavuta kwa fimbo kitu kizito kilichofungwa kwenye gunia. Likatoka jiko la mafuta ya taa, lile la kupampu, tangi lake la shaba limeingia weusi, miguu yake mitatu imeungwa kwa vyuma vinene ambavyo havikutoka nalo kiwandani. Binamu akalinusa, akakunja pua.

"Hili nalo la nini? Si litupwe tu?"

Nikasema nalichukua mimi. Wakatazamana, kisha wakaniacha, maana mfiwa huachiwa mengi.

Nililipakata njia nzima kwenye basi, na jirani yangu wa kiti akafungua dirisha. Harufu ya mafuta ya taa haiishi, jamani. Watu wa rika langu mnaijua: ilikuwa kwenye vidole, kwenye madaftari, kwenye chai yenyewe. Watoto wetu hawaijui na sioni haja ya kuwafundisha. Ila iliponipanda puani mle ndani ya basi nilirudi moja kwa moja kwenye kile kibanda cha nyasi, mdomo umejaa vumbi, namwuliza Bibi tunarudi lini nyumbani.

Nyumbani, wakati ule, kwangu kulikuwa ni kule juu kwenye majabali, upande wa Nduguti. Tulikuwa na tembe la udongo, zizi la ng'ombe wachache, na nyuma ya zizi kaburi la Babu. Bibi, mama yake Baba, aliolewa akaletwa pale akiwa msichana, na hakuwahi kulala kwingine isipokuwa msibani. Basi ikaja habari kwamba watu wote wanahamia uwandani, kando ya barabara, kwenye kijiji cha ujamaa, ambako kutakuwa na shule na bomba la maji. Balozi wa nyumba kumi alipita mlango kwa mlango akisema kila mtu awe ameshuka kabla ya mvua. Bibi hakubishana naye. Alimpa kiti, akampa maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nyie nendeni tu. Mimi nina moto wangu hapa." Akarudi kupepeta uwele wake.

Niseme kidogo kuhusu huo moto. Kwa namna Bibi alivyotulea, mafiga si mawe tu. Bibi arusi akiletwa, mama mkwe ndiye anayemchimbia mafiga yake matatu, anayazika nusu chini, na kuanzia siku hiyo yule mwanamke ana kwake. Ukiwa safarini ukapika njiani, unatumia mawe yoyote, na ukiondoka unayasambaza kwa mguu ili pasibaki jiko lisilo na mwenyewe. Kuzika mafiga ni kuhamia. Hilo hata sisi watoto tulilijua kabla ya kujua kuhesabu.

Baba alikuwa mpole, na upole wake kwa mama yake ulipita kiasi. Jioni moja alichuchumaa mbele yake, kofia mkononi. "Mama, hatuhami," akasema. "Tunapiga kambi tu. Mwaka mmoja, waone tumeitika wito. Mambo yakitulia tunarudi zetu. Wala usibebe mafiga yako, yaache hapa hapa."

Bibi alimtazama. "Kambi?"

"Kambi tu, Mama."

"Haya. Mtu wa kambi hana mafiga. Basi huko sitaweka jiwe, wala mke wako asiweke. Nitafutie jiko la kubeba, na nitakwenda mwenyewe kulichagua."

Wee! Furaha niliyopata mimi! Kitu cha kubeba si kitabebwa kurudi? Nilikuwa nimesikia wakubwa wakisema kwamba walioshuka hawarudi, nikawa silali vizuri, nikimfikiria Babu peke yake kule nyuma ya zizi. Sasa nikawa na ushahidi. Tunanunua jiko la safari, na mwenye safari hurudi.

Tulikwenda Singida Mjini watatu, Baba, Bibi na mimi, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la magunia. Bibi alibeba kikapu chake kimefunikwa, na tulipomwuliza kuna nini alisema ni chakula. Duka lilikuwa karibu na soko, lina baraza ndefu ya saruji. Mwenye duka, mzee mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alitupokea vizuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nataka jiko la kambi."

Akatoa la mkaa kwanza, la bati. Bibi hakulishika hata. "Upepo wa kwetu upeperushe cheche, nami niko kwenye kibanda cha nyasi? Na mkaa ukilowa masika, nitaukausha kwapani?"

Akatoa la mafuta ya taa, la tambi. "Hili ndilo wanunualo wote, mama. Bei nafuu, halipigi kelele, halina maneno."

"Lilete barazani."

Likawashwa barazani. Upepo ulikuwa unatoka upande wa ziwani, si mkali, wa kawaida tu. Moto ukalala upande, ukaramba bati, ukazimika. Likawashwa tena, likazimika tena, likaacha moshi mweusi. Bibi akageuka kwa Baba. "Limezimwa na upepo wa mjini. Upepo wa mjini, mwanangu! Huko uwandani si litazimika kwa mtu kupiga chafya?"

Ndipo yule mzee akatoa la tatu, hili nililolipakata kwenye basi. Siku hiyo lilikuwa linang'aa. Akamwaga mafuta kidogo kwenye kikombe chini ya kichwa cha jiko, akalipasha, akapampu, na likaanza kuvuma. Moto wa bluu, mkali, haukujali upepo. Akateleka birika, na kabla hatujamaliza kushangaa maji yakachemka. Baba alishafungua mfuko wa shati. Hata mimi niliona mambo yamekwisha.

"Chai," Bibi akasema. "Nani kakwambia kwetu tunaishi kwa chai?"

Akafunua kikapu. Mlikuwa na unga wa uwele, mwiko wake mwenyewe, na sufuria. Mwenye duka akasema, "Hapana, mama, hapa ni dukani." Bibi akasema ndiyo, ameona kuwa ni dukani, ndiyo maana anajaribu kabla hajanunua. Akakoroga uji, akaongeza unga, akaanza kusonga. Na ugali wa uwele hausongwi kwa vidole viwili. Unakaza mkono, unaegemea. Mara ya kwanza jiko lilitikisika. Mara ya pili likapiga magoti, sufuria ikaruka, na ugali wote ukatua barazani, mwingine kwenye kiatu cha mwenye duka. Watu waliokuwa wanapita wakacheka mpaka wakashika nguzo. Baba alitamani ardhi ipasuke.

"Mama, tutafukuzwa."

"Kwani nani kajenga jiko lisilojua ugali?"

Cha ajabu, mwenye duka naye alicheka, tena sana, huku anapangusa kiatu. Akatuonyesha fundi chuma nyuma ya soko. Fundi akaliunga miguu minene na pete ya chuma juu, tukarudi nalo barazani, Bibi akasonga upya mpaka jasho likamtoka. Halikusogea. Ule ugali tuliula pale pale na mwenye duka, kwa mchuzi aliotuletea kutoka ndani kwake.

Bado Bibi hakukubali. Alinawa, akakaa kwenye ukingo wa baraza, akaanza kuuliza.

"Masika litawaka?"

"Litawaka, mama. Lenyewe halihitaji kuni kavu."

"Na kipupwe, upepo ukivuma kutwa?"

"Kateni debe mlizungushie. Litawaka."

"Kiangazi je, kuni zikiwa mbali?"

"Mama, hili ni la mwaka mzima!"

"Na mwaka ule mwingine?"

Yule mzee akamwangalia juu ya miwani. "Ukibadilisha kile kingozi cha ndani ya pampu, hata huo mwingine."

"Basi ndilo," akasema Bibi. Nilimtazama Baba nione kama amefurahi. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani bado anaona aibu kwa ajili ya ule ugali uliomwagika.

Tukashuka uwandani. Sitaki kueleza sana maisha ya kile kibanda, nachoka hata kuyakumbuka. Nyumba zilikuwa zimepimwa kwa mistari, vigingi tu, na kila familia imejikunyata kwenye nyasi zake ikisubiri kufyatua matofali. Uwanda haukuwa na kizuizi chochote, upepo ulikuwa unaanzia sijui wapi na kuja moja kwa moja kwetu. Ndani ya kibanda kulikuwa na kitanda, ngozi ya kulalia sisi watoto, sanduku la mbao la Bibi ambalo hakulifungua kamba tangu lishushwe kwenye lori, na jiko. Lilivuma asubuhi na jioni, na kwa miezi ile ya kwanza niliupenda mvumo wake kuliko sauti ya mtu yeyote. Lilikuwa linaniambia bado tuko safarini.

Mama ndiye aliyeubeba ule mzigo. Kulipampu, kuzibua tundu lake kwa sindano, kulikinga upepo kwa debe, na mikono yake ilinuka mafuta hata akitushika usoni. Mafuta yenyewe yalianza kuadimika. Siku yalipokosekana dukani alisimama mbele ya Bibi, tumbo lake limeshakuwa kubwa, sauti imemwisha.

"Mama, niweke mawe matatu leo tu. Nitayatoa."

"Weka mawili," Bibi akasema. "La tatu tumia debe bovu."

Ndivyo tulivyopika siku za ukame wa mafuta: mawe mawili na debe, sufuria imeinama, uji unamwagikia upande mmoja. Majirani walituita "wale wa kambi". Mama mmoja mwenye domo alikuwa akipita anasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nyie mmelima, mmevuna, bado mna kambi?" Bibi alimjibu kwa kumwamkia. Mimi nilimchukia yule mama kabisa.

Nilikuwa askari wa Bibi. Shuleni mwalimu aligawa miche, kila mtoto akapande kwao, na wangu niliuacha ukauke ndani ya kopo. Aliponiuliza nilimwambia, "Sisi tunarudi, mwalimu." Hakunichapa. Alinitazama tu akaandika jina la mwingine, na hiyo nayo niliielewa kwamba amekubali. Nikimwuliza Baba tunarudi lini alisema, "Mambo yakitulia." Mavuno yakapita, kipupwe kikapita, na mambo hayakutulia. Wakati mmoja alipanda kule juu kuangalia, akarudi jioni, akala bila kusema neno. Bibi naye hakumwuliza. Tembe lisilopikwa ndani halidumu, moshi ndio unaofukuza mchwa, na hilo Bibi ndiye aliyenifundisha.

Mvua za pili zilikuja kwa hasira. Siku ile ilinyesha tangu alfajiri, na Mama akashikwa na uchungu asubuhi tukiwa tunakunywa uji. Baba alikuwa ameshaondoka kwenda kutafuta mafuta kijiji cha mbele, maana ya kwetu yalibaki ya kufunika chini ya tangi tu. Mwanamke mmoja jirani, mkunga wa pale, akaja na gunia kichwani. Akasema anataka maji ya moto, mengi, na uji wa mzazi uwe tayari.

Bibi akawasha jiko. Likavuma, akateleka maji, kisha likaanza kukohoa. Akapampu. Likavuma kidogo, likafifia. Akapampu tena, na safari hii mkono wa pampu ukaingia bila kukaza, laini kabisa. Akaufungua. Kile kingozi kilikuwa kimechanika vipande viwili. Akakishika mkononi, akakigeuza, huku nyuma yake Mama anaguna kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Niliogopa. Nilitaka jiko liwake na nilitaka Mama asife, na wakati huo nilidhani ni kitu kimoja.

"Niazime moto kwa jirani?" nikauliza.

Bibi akainuka. Alikiweka kile kingozi chini, akajifunika gunia. "Mke mwenza," akaniita, maana ndivyo alivyoniita siku zote, eti nimeolewa na Babu naye, "nifuate."

Tulikwenda kwenye rundo la mawe ya kujengea shule. Mvua ilikuwa inatupiga usoni. Akayapindua moja moja, akayagonga, akayapima kwa kiganja kama anavyochagua malimao. Akanipa dogo, akabeba makubwa mawili, moja kichwani na moja kifuani. Nikalihesabu langu na yale yake.

"Bibi, ni matatu."

"Naona."

"Lakini ya kwetu yako nyumbani!"

"Yale ni ya babu yako. Mwache aote moto."

"Baba alisema tunapiga kambi tu!"

Akasimama na mawe yake mvuani, mwanamke mzee vile. "Baba yako alishindwa kuniambia," akasema. "Mtoto akikudanganya kwa huruma utafanyaje? Utamwitikia. Kwani hukuwepo dukani? Ningekuwa naamini ni mwaka mmoja, ningeuliza habari za ule mwingine? Ningechukua la tambi tukarudi zetu mapema." Kisha akaanza kutembea. "Nilikuwa nataka kupumzika kidogo kabla sijahamia. Nimepumzika. Haya, tembea, mama yako anaumwa."

Alichimba kwa panga ndani ya kibanda, akayazika nusu, akayakanyaga kwa kisigino mpaka yakakaza. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Akaenda kwenye sanduku lake, akakata kamba, akamwaga nguo zake juu ya ngozi yetu, akalipasua sanduku kwa panga. Zile mbao zilikuwa kavu kabisa. Akaomba kaa la moto kwa jirani, yule yule mwenye domo, naye alilileta kwenye kigae mwenyewe, amelikinga kwa khanga yake, na siku hiyo hakusema lolote.

Moto ukashika. Maji yakachemka, sufuria imekaa sawa sawa, haikuinama. Mdogo wangu alizaliwa saa za mchana, akalia kwa nguvu, na Mama akakandwa kwa maji ya moto, akapewa uji wa uwele, akaunywa wote. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kona nalia. Mkunga akasema, "Huyu kaona wivu, kanyang'anywa ziwa." Wakacheka. Mama akaninyooshea mkono niende nimwone mtoto, nikaenda, nikamwona, nikaendelea kulia.

Baba alirudi jua limeanza kuzama na mvua imekatika. Nilimwona tangu mbali, chupa ya mafuta mkononi, ameloa chapachapa. Moshi ulikuwa unapenya kwenye nyasi za paa letu, moshi wa kuni, na alipouona akapunguza mwendo. Akafika mlangoni, na hapo hakuingia. Kwa muda wote tulioishi pale alikuwa akiinama tu anapita, nani anapiga hodi kwenye kambi yake mwenyewe?

"Hodi," akasema.

Bibi akainua uso kutoka motoni.

"Karibu," Bibi akajibu. "Karibu nyumbani, baba."

Akaingia, akayaona yale mawe, akaziona nguo za mama yake zimelundikwa na sanduku halipo. Akachuchumaa pale mafigani, kofia mkononi, kama jioni ile kule juu. Asubuhi alikuwa ameshamwamkia, lakini akamwamkia upya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Una mtoto wa kiume. Kaa uote moto."

Baba akakaa, akafunika uso kwa kofia, na mabega yake yakatikisika. Bibi akamwachia. Akanigeukia mimi, akaniambia jiko limeshapoa, nilifunge kwenye gunia nilihifadhi. Nikalifunga. Lilikuwa zito kwa mikono yangu, na linanuka. Nikapiga magoti, nikalisukuma uvunguni mpaka mwisho, pale mkono usipofika.